Mwaka Tuliolisha Vyungu

Mwalimu Gakuru aliitikia kwa kichwa. Aliinamisha tu kile kichwa chake cheupe mara mbili, taratibu, kama mzee wa kanisa anayekubaliana na mhubiri, na damu ikanichemka. Ilikuwa Jumapili iliyopita, alasiri, nyumbani kwa Simiyu kule mtaa wa Mbotela. Tulikuwa tumekusanyika kupanga mazishi ya mkewe, Rispa, rafiki yangu wa miaka zaidi ya thelathini. Viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa vimejaa sebule ile ndogo hadi nje kwenye kamba za nguo. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwa Nafula, mtoto wa pekee wa Rispa, ambaye ana miaka thelathini na mmoja na hawezi kuachwa peke yake na jiko linalowaka. Nani atabaki naye? Mimi nilikuwa nimekuja na jibu langu tayari. Binti yangu ameolewa, chumba chake kiko wazi, nitamchukua Nafula akae nami. Nilikuwa nangoja tu zamu yangu ya kusema. Lakini mama mzazi wa Simiyu, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao Bungoma, alianza yeye. Alikuwa kwenye kochi, mkongojo katikati ya magoti, na hakuinua hata sauti. "Huyu mtoto mama yake alimuunguza tumboni. Mwenye mimba anakatazwa moto, akakataa kusikia. Sasa amekufa, ametuachia." Watu wakaangalia chini. Na Mwalimu Gakuru, bosi wetu wa zamani mimi na Rispa, aliyepewa kiti cha mbele karibu na meza ya chai kwa sababu ni mtu wa kutoka magazetini akiwa ameshika vyungu, ndiye aliyeitikia kwa kichwa.

Nimekasirika tangu saa ile. Napika nimekasirika, nafua nimekasirika, na binti yangu amepiga simu mara mbili kuuliza kama presha imepanda. Basi nimeamua kuuandika mwaka ule, niuone ukiwa mbele yangu. Ya kwetu sitayasimulia, nani alizaliwa wapi na shamba liligawanywa vipi, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na nimechoka kupanga vitunguu kwa mafungu sokoni Shauri Moyo, nilipoambiwa kuna mtu nyuma ya soko anafinyanga vyombo vya kupelekwa ng'ambo na anatafuta msichana anayejua kusoma Kizungu. Nilienda na gauni langu la kanisa. Mtu huyo, ndiye huyu Mwalimu Gakuru, aliniuliza swali moja tu, kama naogopa moto. Nikamwambia nimekua na kaka wanne, siogopi chochote. Akacheka, akanipa aproni iliyokuwa ngumu kwa udongo uliokaukia.

Kilikuwa kibanda cha mabati matupu, kati ya mafundi wa mbao na mafundi wa masanduku ya chuma, hivyo kutwa nzima tulikuwa na msumeno upande mmoja na nyundo upande wa pili. Mwalimu alikuwa amesomea ng'ambo na kurudi na ufundi unaoitwa raku, ambao alituambia chanzo chake ni Ujapani. Chombo kinafinyangwa, kinakaushwa, kinachomwa mara ya kwanza kikawa kigumu, kisha kinapakwa glezi, ule uji wa unga wa mawe na madini ambao moto huuyeyusha ukawa ngozi inayong'aa. Mpaka hapo hakuna jipya. Tofauti ya raku ni kwamba hungoji tanuri lipoe. Tanuri letu lilikuwa pipa la mafuta lililojengewa matofali ndani. Mwalimu alichungulia kwenye tundu, na glezi ikianza kuloa na kumeta alisema, "Haya," bila kelele. Hapo Rispa, niliyemkuta akifanya kazi pale, aliingiza koleo ndefu, akakitoa chombo kikiwa chekundu kama kaa la moto, akatembea nacho hatua nne na kukiweka kwenye debe lililojaa vumbi la mbao tulilopewa na majirani zetu. Kazi yangu ilikuwa kifuniko. Vumbi lililipuka moto, nikafunika, moshi ukatafuta kila upenyo ukatukuta machoni. Baada ya robo saa tulikitoa na kukizamisha kwenye ndoo ya maji, na rangi zikajitokeza: kijani cha shaba, wekundu ulioiva, nyufa nyembamba nyeusi zimetambaa kote. Hapakuwa na viwili vilivyofanana. Nitasema ukweli, nilivipenda. Hata leo na hasira hii siwezi kusema vilikuwa vibaya.

Rispa alikuwa amenizidi miaka minne, na kati yetu sote yeye peke yake ndiye aliyekuwa mfinyanzi kabla ya kuja pale. Mama yake alifinyanga, na mama ya mama yake. Habari za Ujapani zilimchekesha sana. "Shiru, huyu Mwalimu anadhani hii kitu ilikuja na ndege," aliniambia siku ya kwanza tukinawa mikono. "Kwetu chungu kinatoka kwa moto kikiwa chekundu hivyo hivyo, unakipiga na maji ya magome yamechemshwa, kinalia kabisa. Mimi nimebeba hayo maji nikiwa mdogo." Lakini hakumwambia Mwalimu. Alisema mwalimu haambiwi, atajisikia vibaya. Ndivyo alivyokuwa, anakutunza usijisikie vibaya. Aliposikia kwamba natembea kila asubuhi kutoka kwa shangazi yangu mbali kule, alizungumza na Simiyu, na wiki iliyofuata nikahamia kwao Mbotela. Chumba kilikuwa kimoja. Simiyu, ambaye alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area, alileta plaiwudi akakigawanya mara mbili, upande wao na upande wangu, na plaiwudi hiyo haikufika darini. Nilikuwa nikiwasikia wakipigania blanketi. Nilikuwa nikimsikia Simiyu akisali, sala yake fupi kama ya mtu anayewahi kazi. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche, na jioni tulikula pamoja kwenye kitanda chao kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Ugali, sukuma wiki, siku nzuri omena, wale dagaa wa ziwani. Simiyu alikuwa akinitania kwamba Mkikuyu akila omena anafunga macho, na mimi nikamjibu kwamba Mbukusu akila kuku hufungua hata jicho la tatu. Sijawahi kuwa na nyumba yenye furaha kama ile, na hiyo ni sehemu ya yanayoniuma.

Sasa lazima nieleze desturi ya kulisha chungu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Kwao Rispa, chungu kipya hakipewi kazi kikiwa na njaa. Udongo una vitundu usivyoviona, na maji yatapita humo mpaka uvizibe. Basi unapika uji mzito wa wimbi uliochachushwa, ule mkali, unaujaza kwenye chungu, unafunika, unauacha siku mbili hadi tatu. Uji unaingia kwenye vitundu na kuviziba. Chungu kimeshiba. Na uji ule wa kwanza haumwagwi, kwa sababu kumwaga chakula cha kwanza cha chungu ni kukifukuza nyumbani. Mwenye nyumba anaunywa, yeye kwanza, halafu wengine. Ni desturi yenye akili, na kwa vyungu vya mama yake Rispa haikumdhuru mtu hata mmoja.

Vyombo vya raku vinavuja. Na vile vilivyotoka na ufa au rangi isiyopendeza havikuweza kwenda ng'ambo, hivyo Mwalimu alitugawia. "Bebeni, mama zangu," alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Mnywee vitu vizuri pia nyinyi. Plastiki ni ya nini?" Nakumbuka maneno hayo kama nilivyoyasikia, na nimeyarudia kichwani wiki nzima. Rispa alibeba bakuli la kwanza akiwa amelifunga kwa kanga. Alilijaza maji, likatoa jasho chini, akasema, "Hii haijalishwa, ndiyo maana." Kufikia mwezi wa sita tulikuwa na mabakuli saba kwenye dirisha, kila moja na uji wake, kila moja limefunikwa kwa kisahani. Majirani walianza kumletea vyao awalishie. Na alikuwa na mimba changa, ile ya kutaka vitu vikali, kwa hivyo hakuna uji uliomponyoka. Aliukoroga kwa kidole, akaonja, akanipa na mimi. Uji uliokaa kwenye mabakuli yale ulikuwa umepungua ukali. Ulikuwa na utamu kwa mbali, utamu usio wa sukari. Tulisema hiyo ndiyo shukrani ya chungu.

Glezi yetu ilichanganywa kwenye karai, na ndani yake kulikuwa na vijiko vya unga wa shaba, kioo kilichosagwa, na unga mwekundu uliotoka kwenye gunia lisilo na maandishi. Ulikuwa mwekundu wa kukaribia machungwa na mzito ajabu, kopo dogo lake lilivuta mkono chini. Rispa ndiye aliyeuchanganya, kwa mikono mitupu, kwa sababu alisema mti wa kukorogea hauwezi kukuambia kama kuna madonge. Alitoka pale na mistari myekundu kwenye kucha, na akikanda unga wa chapati jioni mistari ile bado ilikuwepo. Mimi nilipewa kazi ya kufunga. Nilifunga kila chombo kwa gazeti na nyasi kavu, na chini yake nikabandika karatasi ndogo nyeupe yenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Yalisema kwamba hiki ni cha pambo tu, usitie chakula wala kinywaji. Nilibandika mamia ya karatasi hizo. Yale mabakuli yetu yaliyopasuka hayakubandikwa kitu. Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, mbona hizi zinasema wasile?" Alikuwa akinywa chai yake kwenye kikombe cha bati alichokuja nacho kutoka kwake. Akajibu, "Hiyo ni sheria za huko. Mzungu akiumwa na tumbo anashtaki sufuria." Nikacheka. Nilicheka sana, na jioni nikampelekea Rispa mzaha huo kama zawadi, naye akacheka hadi akashika kiuno, na Simiyu akasema wazungu wana tumbo la maziwa. Kisha tukanywa uji. Na sikuwahi, hata mara moja, kujiuliza kwa nini mtu aliyezungukwa na vikombe vyake mwenyewe alitembea na kikombe cha bati.

Mwezi wa nane alikuja mgeni, mfinyanzi mwenzake Mwalimu waliyesoma pamoja, mtu mpole mwenye miwani. Mchana ule wenzangu walikuwa wameenda kula, na mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya vumbi la mbao nikijaza debe. Hawakuniona. Mgeni alichovya kidole kwenye karai, akakitazama, akasema, "Gakuru, bado unatumia madini ya risasi?" Mwalimu akasema ule unga mwekundu hauna mbadala, hakuna kitu kingine kinachotoa rangi ile. Mgeni akauliza, "Na hawa akina mama wanachanganya na mikono? Yule mmoja si ana mimba? Hii kitu inaingia kwa damu, inaenda kwa mtoto. Kichwa cha mtoto ndiyo inaharibu." Nyundo za majirani ziliendelea. Kisha Mwalimu akasema, "Nikiwaambia, nani atanichanganyia?" Akaongeza kwa sauti ya kumaliza mambo, "Hawa wamekula vumbi ya soko ya Gikomba maisha yao yote. Hawafi na kidogo." Mgeni hakucheka. Alipokuwa akiondoka alipita karibu na Rispa aliyekuwa akirudi na mfuko wa maandazi, akamsalimia vizuri, akamuuliza ujauzito una miezi mingapi. Mitano, alisema Rispa. Mgeni akamwambia Mungu amsaidie. Namkasirikia huyo pia.

Lakini aliyesikia ni mimi. Nilikaa nyuma ya magunia mpaka miguu ikafa ganzi. Ningeweza kutoka pale nikamshika Rispa mkono tukaenda. Sikutoka, na sababu yake ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Wiki hiyo hiyo Mwalimu alikuwa ameanza kunifundisha gurudumu la kufinyangia. Alikuwa amesema nina mikono ya kazi hii, mwakani ataniombea nafasi niende naye kwenye maonyesho ng'ambo, na niache kufunga vyombo vya wengine nitengeneze vyangu. Nilikuwa nimeshajiona nikishuka kwenye ndege na koti jekundu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitarudi kwenye vitunguu. Kwa hivyo nilijiambia kwamba labda mgeni anatia chumvi, labda ana wivu, watu waliosoma pamoja huwa na wivu. Wiki sita zilipita hivyo. Kila jioni nilikaa kwenye kitanda kile, Rispa akakoroga uji kwa kidole, na mimi nikasema nimeshiba.

Mwishowe nilisema nusu. Ilikuwa Jumamosi, Rispa anapiga pasi ya makaa. Nikamwambia, "Rispa, hebu wacha hiyo uji ya bakuli. Kunywa tu na kikombe."

"Kwa nini?"

"Si ati hizo bakuli hazikuiva vizuri."

Aliweka pasi chini akanitazama, macho yamejaa kicheko. "Shiru. Wewe Mkikuyu wa Kiambu ndiyo unanifunza chungu?"

Nilicheka na yeye. Nusu yangu iliishia hapo, na sikurudi kuimaliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aliyeficha nilikuwa mimi, na aliyekuwa akizaa alikuwa mwingine.

Mtoto alikuja mwezi wa kumi na moja, kabla ya wakati, mvua kubwa ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Nafula, jina la mtoto wa mvua. Alikuwa mdogo wa kutosha kulala kwenye karai la kufulia. Hakunyonya kama watoto wengine, alisahau katikati. Shingo yake ilichelewa na macho yake hayakukufuata. Kukhu alifika kutoka Bungoma siku ya tisa, akiwa bado mwanamke mwenye nguvu, na mfuko wa ndizi kichwani. Alimshika mtoto, akamgeuza huku na huku karibu na dirisha lile la mabakuli, akamrudisha kwa mama yake. Upande wangu wa plaiwudi nilisikia kila neno. "Kwetu mwenye mimba hakaribii moto wa vyungu. Mama yako hakukwambia? Chungu kinapasuka, na ukikaidi mtoto ndiye anapasuka. Umemuunguza mtoto wa watu." Rispa hakubishana. Alikuwa mtoto wa wafinyanzi, alijua mwiko huo vizuri, na alikuwa amejiambia mjini hauna nguvu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nikiomba msamaha?" Kukhu akasema, "Muombe yeye. Si mimi."

Na alimwomba. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, nilimsikia akimwambia mtoto, nisamehe mama, sikujua moto utakufikia, nisamehe mama. Kila asubuhi. Mimi niko upande wa pili, nimekaa kitandani na viatu mkononi, nafahamu kwamba si moto, nafahamu ni nini, na ulimi umelala. Nikivaa viatu nilitoka na kumsalimia, nikambusu mtoto kwenye paji la uso, nikaenda kazini Shauri Moyo kwa mtu yule yule. Rispa hakurudi tena kibandani. Mwalimu alimtumia unga na sukari kupitia kwangu, na Rispa akanituma shukrani. Nilizipeleka. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mzigo mmoja ulirudishwa kutoka ng'ambo, sikuambiwa kwa nini, lakini wiki hiyo gunia la unga mwekundu liliondolewa, likaja jeupe lenye maandishi, na glavu za mpira zikatundikwa kwenye msumari. Hakuna aliyeelezwa kitu. Nilikaa hapo miezi minne zaidi kabla sijaondoka, na hayo maonyesho ya ng'ambo alienda peke yake.

Nitasema na hili ili nisionekane najua kuliko ninavyojua. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimuuliza daktari kwenye zahanati, nikamweleza kana kwamba ni habari ya jirani. Alisema madini hayo ni mabaya sana kwa mimba, lakini kwamba hayo ndiyo yaliyomfanya mtoto yule awe vile, hakuna anayeweza kusema sasa. Watoto wanaokuja mapema hupatwa na mengi. Hakuna anayeweza kusema. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilikuwa nikienda Mbotela kila mwezi na matunda, nikamfundisha Nafula kupanga vikombe na kuimba nyimbo za kanisa, nikamtazama rafiki yangu akizeeka kwa kumwogesha mtu mzima, na kila aliposema "hii ni yangu, Shiru, mimi nilijiletea," nilimjibu asiseme hivyo. Nilidhani kumwambia asiseme hivyo ni wema.

Kwa hivyo Jumapili, kile kichwa cheupe kilipoinama, nilisimama. Sikungoja zamu. "Rispa hakumuunguza mtu," nikasema. "Kukhu, nisamehe, lakini si moto. Ni ile dawa nyekundu ya kupaka vyombo. Ilikuwa sumu. Alikuwa akiichanganya na mikono, halafu tukanywa uji kwa hizo bakuli. Na huyu hapa alijua." Nilimwonyesha kwa kidole, jambo ambalo halifanywi kwa mtu wa umri wake.

Mwalimu Gakuru aliweka kikombe chini polepole. "Wanjiru," akasema, kwa jina langu zima, "siku zile hakuna mtu alikuwa anajua hayo mambo."

"Ulijua. Rafiki yako alikuambia, mbele ya tanuri. Alikuambia inaenda kwa mtoto, inaharibu kichwa. Ukasema ukituambia, nani atakuchanganyia. Nilikuwa nyuma ya magunia nikasikia na masikio yangu."

Mwalimu alitazama mlango, na watu wakamtazama, na kwa muda mfupi nilihisi utamu ambao sijauonja miaka yote hiyo. Mwanamke mmoja wa kanisani alisema Yesu wangu. Mwalimu akachukua kofia yake akanyanyuka, akapita katikati ya magoti ya watu bila kuaga, na hakuna aliyesogea kumpisha. Nilitaka kumfuata nimwambie mengine. Ndipo Simiyu, mikono yake ya uzee imelala mapajani, akaniita.

"Shiru. Hayo uliyasikia lini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ni miaka mingi. "Mwezi wa nane," nikasema.

"Nafula alizaliwa mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo."

Alikaa akilihesabu jambo hilo, au akilikataa, sijui. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. "Mama Nafula amemwomba huyu mtoto msamaha kila siku," akasema. "Mpaka hospitali. Juzi, kabla hajakata roho, nilimleta mtoto hadi kando ya kitanda amwombe tena. Na wewe ulikuwa unakuja hapa na machungwa."

Nafula alikuwa mlangoni na trei ya vikombe, akitabasamu kwa sababu watu wote walikuwa wametulia. Kukhu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasogeza mkongojo wake, akapapasa nafasi kando yake kwenye kochi. "Nafula, kuja hapa, mama." Nafula akaweka trei sakafuni, akaenda akaketi, na yule mwanamke mzee akachukua mikono yake iliyolowa akaikausha kwa kanga yake mwenyewe, kidole kimoja kimoja. "Huyu ataenda na mimi Bungoma," akasema. "Ni mtoto wa kwetu."

"Kukhu," nikasema, "mimi nilikuwa nimekuja kuomba nikae naye. Nina chumba."

Kukhu hakuinua macho. Simiyu ndiye aliyejibu, kwa upole wake ule ule wa kunipa nusu ya chumba. "Enda nyumbani, Shiru."

Nilienda. Nilitembea hadi Jogoo Road nikimtukana Gakuru kwa sauti, watu wakinipisha njia, na nimeendelea kumtukana hadi leo, kwa sababu yeye ndiye peke yake ninayeweza kumkasirikia na bado nikala.